Kaka zangu wanataka kuuza shamba la mama ili nikatibiwe utumbo India

Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 36, naishi Tanga mjini na kazi yangu ni ushonaji. Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu mama yangu pamoja na kaka zangu, na nisingependa walisome kabla sijazungumza nao mwenyewe.

Mwaka jana nilishikwa na maumivu makali ya tumbo usiku. Nyumbani walidhani ni chango, nikakandwa kwa maji ya moto na kupewa dawa ya mizizi, na hadi nilipofikishwa hospitali tumbo lilikuwa limejaa na nilikuwa natapika maji ya kijani. Daktari wa upasuaji alinieleza baadaye kwamba kovu la ndani, lililobaki tangu nilipojifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, lilikuwa limeunasa utumbo mwembamba, ukakosa damu ukawa mweusi, na hakukuwa na njia nyingine isipokuwa kuukata. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini kuna mwandiko ambao siwezi kuusoma wote, lakini namba naiona: sentimita 90. Muuguzi aliniambia hicho ndicho kipande kilichobaki, na kwamba kimeunganishwa na utumbo mpana. Nilipewa dawa za mwezi mmoja, nikaambiwa nile vizuri. Niliporudi kliniki kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, nikaambiwa kwa upande wa upasuaji nimepona.

Mimi sijioni kama mtu aliyepona. Kila ninapokula, kabla sijanawa mikono tumbo limeshaanza kunguruma, na choo kinatoka chepesi, kina mafuta yanayoelea na harufu ambayo naona aibu kuieleza. Siku nikiwa na wateja wa kupima nguo, sili chochote hadi jioni, nashinda kwa maji mengi, na nikihisi kuishiwa nguvu nakunywa soda au juisi ya ukwaju. Hata hivyo kiu haiishi na mkojo ni mchache, wa rangi ya chai. Magauni niliyojishonea mwenyewe nimeyapunguza kiunoni, na nimeyapunguza tena. Siku hizi kuna jambo jingine: nikiwa nimeshika mkasi, vidole hukakamaa na kujikunja, nikalazimika kuvinyoosha kwa mkono wa pili.

Katika harusi ya binamu yangu nilijikaza nikala halua, nikanywa soda na juisi kama watu wengine. Baada ya isha ulimi ulianza kuwa mzito, maneno yakawa hayatoki sawasawa, nikawa nayumba kama mlevi, nami sijawahi kuonja pombe maishani mwangu. Shangazi alisema nimepandwa na pepo. Nilifukiziwa ubani, nikanyweshwa kombe, nikalala bila kula, na kesho yake alasiri nikawa mzima. Tangu siku hiyo nusu ya ukoo inaamini kwamba ugonjwa wangu si wa hospitali.

Kaka yangu mkubwa haamini hayo, na ndiye aliyekuja na wazo la India. Yuko Dar es Salaam, na amempata wakala anayepeleka wagonjwa huko. Wakala amemwambia kuna upasuaji wa kuurefusha utumbo, na ikishindikana kuna kupandikizwa utumbo wa mtu mwingine. Gharama yake ni kubwa kuliko uwezo wetu sote tukichanga. Mama ana shamba la michungwa Muheza aliloachiwa na baba, ndilo linalomlisha, na mnunuzi ameshapatikana; anataka kutoa fedha ya awali mavuno ya msimu huu yakiisha. Kaka anasema shamba linanunulika tena lakini mtu hanunuliki. Mama amekwisha kubali, na ananipigia simu kila siku kunihimiza nishughulikie pasipoti. Mume wangu ni dereva wa lori, hukaa nyumbani siku chache, naye anasema jambo la shamba ni la kwetu, hawezi kutia neno.

Mshauri, nikikubali, kisha nikarudi nikiwa vilevile, mama atazeeka akiomba chumvi kwa jirani. Nikikataa, watasema nimekata tamaa ya kuishi, na mama ataniona nimemrudishia mkono wake mtupu. Usiku nalala nikiwaza ni yupi nitakayemuumiza kidogo. Naomba unisaidie kufikiri.

Fundi, Tanga

*

Wa aleikum salaam, dada yangu, na pole sana. Barua yako nimeirudia kwa makini, na kwa ruhusa ya wahariri nimeyapitia mambo yake ya kitabibu pamoja na daktari wa mfumo wa chakula, bila kumwambia wewe ni nani. Yeye hajakupima, wala mimi sijakuona, kwa hiyo utakayoyasoma hapa ni ya kukusaidia kuuliza vizuri, si ya kuchukua nafasi ya atakayekuona uso kwa uso.

Nikikuelewa, umeulizwa jambo moja tu, kwenda au kutokwenda, na kila upande wa jibu una mtu wa kuumia. Mama anataka kutoa alicho nacho, kaka anataka kutimiza wajibu wake kama mkubwa wa nyumba baada ya baba, na wewe umebeba hofu ambayo bado hujaitamka mbele yao: kwamba shamba litakwenda na wewe usipone. Hofu hiyo si utovu wa shukrani, wala si kukata tamaa. Mtu aliyekata tamaa asingejali mama yake atakula nini miaka 10 ijayo.

Ila katika barua yako kuna jambo ambalo nyote mmelichukua kuwa limekwisha kuthibitika, nami naomba tulitazame upya. Mnazungumza kana kwamba matibabu ya hapa nyumbani yamejaribiwa yakashindwa, hivyo kilichobaki ni India. Nikiisoma barua yako, sioni mahali ambapo yamejaribiwa. Umefanyiwa upasuaji uliookoa maisha yako, umepewa dawa za mwezi mmoja, kidonda kikafunga, na hapo faili likafungwa pia. Kidonda ni kazi ya daktari wa upasuaji. Kuishi na utumbo uliobaki ni kazi ya watu wengine, daktari wa mfumo wa chakula pamoja na mtaalamu wa lishe, na hao inaonekana hujakutana nao.

Hali yako ina jina: huitwa ugonjwa wa utumbo mfupi. Utumbo mwembamba wa mtu mzima huwa na urefu wa takriban mita 3 hadi 8, na madaktari hulitumia jina hilo pale kilichobaki kinapokuwa chini ya sentimita 200. Kwa hiyo sentimita 90 ni chache, sitakudanganya. Lakini urefu peke yake hausemi habari yote. Wenye uzoefu na ugonjwa huu huuliza kwanza kama utumbo mpana upo na umeunganishwa, kwa sababu utumbo mpana hufyonza maji na chumvi, na bakteria wake huchachusha wanga ambao haukumeng'enywa, wakaugeuza kuwa nishati ambayo mwili huitumia. Kadirio linalotumika sana ni kwamba mtu ambaye utumbo wake mpana umeunganishwa, na amebakiwa na zaidi ya sentimita 60 za utumbo mwembamba, ana nafasi nzuri ya kuishi kwa chakula cha mdomoni bila kutegemea lishe ya kupitia mshipani. Ni kadirio, si ahadi, na namba ya chumba cha upasuaji hupimwa kwa haraka, hivyo yaweza kupungua au kuzidi. Hata hivyo, kama muuguzi alikueleza sawasawa, uko upande wa watu ambao madaktari huwapa matumaini.

Jambo la pili ni wakati. Utumbo uliobaki haukai kama ulivyoachwa siku ya upasuaji. Hutanuka, vinyweleo vyake vya ndani hurefuka, na chakula hupita polepole zaidi, ili kipande kidogo kifanye sehemu ya kazi ya kile kilichoondoka. Mabadiliko hayo huendelea hadi miaka 2, kwa wengine hata zaidi, na wewe bado uko ndani ya muda huo. Kinachoyachochea ni chakula chenyewe kupita ndani ya utumbo. Hapa ndipo ninapoona wasiwasi mkubwa kuliko ule wa shamba, dada yangu, kwa sababu unashinda njaa ili usiende chooni. Nakuelewa kabisa, ukiwa na mteja amesimama mbele yako, nawe una tepu shingoni na tumbo linaunguruma, njaa huonekana ndiyo heshima. Lakini mwili ambao pengine unafyonza nusu tu ya kile unachokula unahitaji kula zaidi ya zamani, hata mara moja na nusu ya kiasi cha awali, kikigawanywa katika milo midogo mitano au sita. Kupungua kwako kunaweza kuwa kunatokana na ugonjwa, na kunaweza pia kuwa kunatokana na kufunga bila kukusudia, na hakuna daktari wa hapa wala wa India atakayeweza kutenganisha mawili hayo hadi uanze kula.

Kula nini, utaambiwa kwa undani na mtaalamu wa lishe, lakini naweza kukutangulizia kidogo. Kwa mwenye utumbo mpana, ugali, wali, viazi na ndizi za kupika ni marafiki, na samaki, mayai, kuku na maharage yaliyoiva vizuri huleta nguvu ya kujenga mwili. Sukari ya moja kwa moja, yaani soda, juisi, halua na vinywaji vya kuongeza nguvu, huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza kwenye utumbo, na hivyo kuzidisha kuharisha. Mafuta hayakatazwi yote, ila tui zito na vya kukaanga vinapozidi ndivyo vinavyoelea kwenye choo, kwa sababu sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ambayo kazi yake ni kuirudisha nyongo mwilini, huenda ndiyo iliyokatwa. Mafuta hayo yasiyofyonzwa yana madhara mengine yasiyoonekana: hukamata kalisi, na kitu kiitwacho oksaleti, ambacho kwa kawaida kingefungwa na kalisi hiyo kikatoka, hubaki huru, kikafyonzwa kwenye utumbo mpana na kwenda kutengeneza vijiwe kwenye figo. Ndiyo sababu watu wa hali yako huambiwa wasizidishe mchicha, karanga na chai ya rangi nzito, na wapate maziwa, kama tumbo linayavumilia, au dagaa wanaoliwa na mifupa yao pamoja na mlo. Si kwamba mchicha umekuwa sumu. Ni kiasi, na ni kile unachoula nao.

Kuhusu kiu, umefanya ambacho kila mtu angefanya, umeongeza maji. Maji matupu hayaleti shida kubwa kwa mwenye utumbo mpana kama yanavyomletea mtu aliyewekewa mfuko wa choo tumboni, lakini mkojo mchache wa rangi ya chai unaonyesha kwamba maji unayoyanywa hayabaki. Utumbo mwembamba hupokea maji vizuri pale yanapoingia pamoja na chumvi na sukari kidogo kwa vipimo maalumu, na ndiyo kazi ya maji ya ORS yanayouzwa kila duka la dawa. Pakiti zikikosekana, lita 1 ya maji safi huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, bila mlima juu. Kunywa kwa kuonja onja siku nzima, katikati ya milo kuliko pamoja na mlo. Pima mkojo wako kwa kopo lenye alama kwa siku moja nzima, uandike. Ukiwa chini ya lita 1, mpelekee daktari namba hiyo, itamsaidia kuliko maneno "nasikia kiu". Kama una shinikizo la damu au tatizo la figo ambalo hukulitaja, usiongeze chumvi kabla ya kumuuliza.

Sasa yale mambo mawili uliyoyataja kama ya pembeni. Vidole kukakamaa ukiwa umeshika mkasi kunaweza kuwa uchovu wa fundi, lakini kwa mtu anayeharisha kwa muda mrefu daktari atataka kupima magnesiamu na kalisi katika damu, kwa sababu madini hayo hupotea na choo, na yakishuka sana hugusa hata mapigo ya moyo. Usilisubirishe hilo hadi pasipoti itoke. Wakati huohuo aulizwe kuhusu vitamini B12, ambayo hufyonzwa sehemu ile ya mwisho ya utumbo mwembamba peke yake. Ikiwa sehemu hiyo yote haipo, mtu huhitaji sindano za B12 maisha yake yote, na hatari yake ni kwamba ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu hujiona hana shida hadi miguu inapoanza kufa ganzi. Sindano hizo zinapatikana hapa nchini. Vilevile ziko dawa za kupunguza mwendo wa utumbo, kama loperamidi, ambayo humezwa karibu nusu saa kabla ya mlo, na za kupunguza asidi ya tumbo, kama omeprazoli, ambayo husaidia hasa katika miezi ya mwanzo. Usizinunue kwa kubahatisha vipimo, kwa kuwa loperamidi ikizidishwa bila uangalizi hudhuru moyo. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie daktari, maana utumbo mfupi huenda usivifyonze vya kutosha. Hukuniuliza hilo, lakini ni heri liwe limesemwa.

Usiku ule wa harusi umenishughulisha kuliko yote. Simdharau shangazi yako. Aliona mtu asiyekunywa pombe akiyumba kama mlevi, akatafuta maelezo kwa elimu aliyonayo. Lakini ipo hali inayojulikana kitabibu, inayowapata hasa watu wenye utumbo mwembamba mfupi uliounganishwa na utumbo mpana, ambayo huja baada ya kula au kunywa sukari nyingi. Sukari isiyofyonzwa hufika kwenye utumbo mpana, bakteria huichachusha na kutengeneza aina ya asidi ya laktiki ambayo mwili wa binadamu huiondoa polepole sana, asidi hiyo ikapanda kwenye damu, na mgonjwa akawa na ulimi mzito, kuyumba, kuchanganyikiwa na usingizi. Akiacha kula, bakteria hukosa cha kuchachusha na hali huanza kutulia. Linganisha na ulivyoeleza: soda, juisi, halua, kisha ukalala bila kula, na kesho yake alasiri ukawa mzima. Siwezi kukuambia kwamba ndicho kilichokupata. Naweza kukuambia kwamba ni swali la daktari, na kwamba kaka yako na shangazi yako wanaweza kulisikiliza pamoja bila mmoja kumshinda mwenzake.

Turudi India. Kaka yako hajadanganywa kwamba upasuaji huo upo. Upo wa aina zaidi ya moja. Mmoja ulielezwa na madaktari wa Boston, Marekani, mwaka 2003, ambapo utumbo hukatwa kwa zamu upande huu na upande ule ili uwe mwembamba na mrefu zaidi. Lakini hufanyika pale tu kipande kilichobaki kimetanuka kupita kawaida, na umefanywa zaidi kwa watoto. Je, kuna aliyeupiga picha utumbo wako akaona umetanuka? Kama hakuna, wakala amejuaje kwamba unafaa? Kuhusu kupandikizwa, India zipo hospitali zinazofanya, na kwa baadhi ya wagonjwa ndiyo njia pekee ya kuokoa uhai. Kwa kawaida huwekewa wale ambao hawawezi kuishi bila lishe ya mshipani, na lishe hiyo nayo imewaharibia ini au mishipa imekwisha. Anayepandikizwa humeza dawa za kushusha kinga kila siku ya maisha yake, hupimwa damu mara kwa mara, na kumbukumbu za kimataifa zinaonyesha kwamba baada ya miaka 5 walio hai ni zaidi kidogo ya nusu. Kwa hiyo bei aliyoitaja wakala, hata ikiwa ya kweli, ni bei ya mwanzo. Dawa za miaka inayofuata zitanunuliwa na shamba gani? Uliza pia ni nani Tanzania atakayekuangalia ukirudi. Ipo vilevile sindano ya kila siku, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2012, inayousaidia utumbo kufyonza zaidi, lakini gharama yake huko huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka, na naitaja ili mkiisikia kwa mtu mwingine mjue mnaongelea nini.

Kutosafiri nako kuna hatari zake, na sitazificha. Ukibaki nyumbani huku ukiendelea kama sasa, bila vipimo na bila kula, utazidi kudhoofika, na siku moja kaka atasema aliona mbali. Wapo pia watu ambao, hata baada ya kupata uangalizi mzuri, chakula cha mdomoni hakiwatoshi, na lishe ya mshipani ya kujipatia nyumbani, ambayo kwa nchi tajiri ni jambo la kawaida, ni adimu sana Afrika Mashariki. Ukithibitika kuwa miongoni mwao, safari itakuwa na uzito mwingine kabisa, na shamba litazungumzwa upya. Ninachojiuliza ni kama familia inaweza kuligawa jambo hili kwa hatua badala ya kulibeba lote kwa mara moja.

Kwa mfano, hospitali iliyokupasua ina kumbukumbu ya upasuaji, si ile karatasi ya kuruhusiwa tu, na ni haki yako kuomba nakala au muhtasari unaosema kipande gani kilibaki na kipi kiliondoka. Ukiwa nayo, daktari wa wilaya au wa mkoa anaweza kukuandikia rufaa. Kwa mtu wa Tanga, KCMC Moshi na Muhimbili Dar es Salaam zote zinafikika kwa basi la siku moja, na kaka yako wa Dar anaweza kukupokea. Nauli, vipimo, sindano na miezi kadhaa ya uangalizi wa kweli ni fedha, najua, lakini ni fedha ambayo huenda ikapatikana kwa kuuza machungwa ya msimu yakiwa bado mtini, au kwa kukodisha sehemu ya shamba, bila mama kupoteza ardhi. Kumbukumbu hizohizo kaka anaweza kuzituma India na kuomba jibu la maandishi kutoka kwa daktari mwenyewe, si kwa wakala, likitaja ni upasuaji gani, kwa nini unakufaa wewe, na gharama yote pamoja na miaka ya baadaye. Hospitali yenye nia njema haitaona vibaya kuulizwa hayo kabla ya kulipwa. Na mnunuzi, kama anasubiri mavuno, pengine anaweza kusubiri barua. Njia hii nayo ina kasoro yake: huchukua muda, na huenda mnunuzi akaondoka. Hilo ni lenu kulipima, wewe, mama na kaka zako.

Umesema ukikataa, mama ataona umemrudishia mkono wake mtupu. Nina shaka kidogo hapo. Mama anayepiga simu kila siku kuuliza pasipoti huenda anatafuta la kufanya, kwa sababu kukaa Muheza akimsikia binti yake anakonda ni kazi ngumu kuliko kuuza michungwa. Ukimpa la kufanya, huenda simu zikabadilika. Mwombe aje akae nawe wiki kadhaa, akupikie ile milo midogo, akushikilie duka unapokula, aione daftari ya uzito na ya mkojo ikijazwa. Anaweza pia kusema kwamba ameshaamua na hataki kusikia. Wazazi wetu unawajua. Lakini hata hapo atakuwa ameamua akiwa ameisikia hofu yako kwa mdomo wako, na wewe hutakuwa umeibeba peke yako ndani ya ndege. Mume wako naye, ingawa ameheshimu mipaka ya ukweni, ni baba wa watoto ambao mama yao anaumwa. Mwombe neno lake, si juu ya shamba, juu yako.

Nakuomba jambo moja lisingoje kikao cha familia. Kama ulimi utakuwa mzito tena, au moyo ukaenda mbio, au ukaharisha na kutapika hadi mkojo ukakauka, nenda hospitali usiku huohuo hata kama ubani umeshawashwa, na mweleze anayekupokea kwamba utumbo wako ulikatwa na umebakiwa na sentimita 90 zilizounganishwa na utumbo mpana. Usipomwambia, hatakuwa na sababu ya kulifikiria, na hata akipima asidi ya laktiki, kipimo cha kawaida hakiioni aina hii. Atapaswa kuangalia hali ya asidi katika damu yote kwa jumla. Liandike hilo kwenye kipande cha karatasi, ukiweke kwenye pochi pamoja na kitambulisho chako, na nakala yake mpe mkubwa wa watoto wako. Ukishamwona daktari, niandikie tena, nami nitakujibu.